Sina Ugonjwa, Nina Presha Tu

Maneno haya niliyasema mbele ya wastaafu waliokutana Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, shikamooni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema: "Kijana, wanachama wetu wengi watoto wao wako nje, wajukuu wanazaliwa huko huko, bibi anaitwa akalee mzazi. Njoo uwaambie wakate bima gani ya safari." Nikamjibu kwamba nitakuja, ila kabla ya kusema bima gani itabidi nimuulize kila mmoja anakwenda wapi, atakaa siku ngapi, ana miaka mingapi, na asubuhi ya leo amemeza vidonge gani. Akacheka. Nami nikacheka, lakini sikuwa natania.

Mimi ni dalali wa bima. Nalisema mapema mjue mnamsikiliza nani: mtu anayekula kamisheni. Ndiyo maana leo sitataja kampuni ya kwenda kukata bima, wala mkobani sina fomu hata moja.

Wengi wetu bima ya safari tumeijulia kwenye foleni ya viza. Unaambiwa lete picha, lete taarifa ya benki, lete barua ya mwaliko, lete bima. Unatoka mbio, unaingia ofisi ya kwanza unayoiona, unasema "nipe ile ya viza, ya bei ya chini," unalipa, karatasi inapigwa pini kwenye faili. Viza ikitoka, karatasi ile hakuna anayeikumbuka tena. Nimewahi kumpeleka mteja uwanja wa ndege, nikamuuliza bima yake iko wapi, akaniambia, "Si niliwaachia ubalozini?"

Tuanze basi na huyo afisa wa viza, tujue yeye anatafuta nini. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, ambazo sasa zimefika 29, zinafuata kanuni ya viza ya mwaka 2009. Kifungu chake cha 15 kinataka bima yenye kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa, kisichopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote hizo kwa muda wote utakaokaa, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, na gharama za kifo. Basi afisa anatazama tarehe, anatazama zile euro 30,000, anatazama kama jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Amemaliza. Hakuulizi kama una sukari. Hafungui ukurasa wa pili. Kazi yake ni kuhakikisha nchi yake haibaki na bili ya mgeni, na kwa hilo karatasi ya bei ya chini kabisa inamtosha. Wewe je, inakutosha? Hilo hana habari nalo, wala halimhusu.

Niwape kisa. Kisa ni cha nyumbani kwetu na kosa ni langu.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ana binti aliyeolewa Hamburg. Binti akapata mimba ya kwanza, shangazi akaalikwa kwa miezi mitatu. Mtu wa bima katika ukoo ni mimi, kwa hiyo jioni moja nikaenda kwake Tabata na fomu. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikaweka fomu gotini, nikaanza: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Nikafika kwenye swali linalouliza kama mwombaji ana maradhi ya kudumu au anatumia dawa yoyote kila siku. Shangazi hakuinua hata uso.

"Andika hakuna, baba. Mimi sina ugonjwa, nina presha tu."

Presha tu. Na mimi, niliyeisomea kazi hii na kuifanya miaka yote, nikatia alama kwenye kisanduku cha Hapana. Pale mezani, nyuma ya chupa ya chai, palikuwa na pakiti ya amlodipini, dawa ya presha, iliyobaki vidonge vinne. Niliiona kwa macho yangu. Nilijiambia kwamba nikiandika Ndiyo bei itapanda, shangazi atanung'unika, na viza yenyewe haijulikani kama itatoka.

Viza ilitoka. Wiki ya sita akiwa Hamburg, asubuhi, anamkausha mtoto baada ya kumwogesha, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaanza kumtoka mdomoni kama mtu aliyelewa. Kiharusi. Binti akapiga 112, gari la wagonjwa likafika, shangazi akalazwa siku kumi na moja. Namshukuru Mungu walimwahi. Leo anatembea, na ungo anaushika. Lakini hospitali ina mhasibu. Kampuni ya bima ikaomba kumbukumbu za kliniki aliyokuwa akihudhuria huku, na kadi ikaeleza yote: presha, miaka tisa, dawa kila siku. Barua ya kukataa kulipa ilikuwa na aya tatu tu. Bili ilizidi euro 14,000. Kiwanja cha Kibaha kikauzwa, binti na mumewe wakabeba kilichobaki kwa kulipa kila mwezi, na kundi la WhatsApp la ukoo likawa halifunguki bila kukutana na orodha ya michango.

Nilitaka sana kuwatukana watu wa ile kampuni. Nikaomba nakala ya fomu ili nipate pa kuanzia. Mwandiko ulikuwa wangu.

Bima, wazee wangu, inasimama juu ya ukweli wa anayeiomba. Kampuni haimpimi bibi wa miaka 68 kabla ya kumuuzia bima ya miezi mitatu. Inamuuliza, na inachukua neno lake. Likija kuonekana neno halikuwa kweli, mkataba unaweza kuvunjwa wote, hata kwa dai ambalo halihusiani na lile lililofichwa.

Sasa naomba niulize, na msinijibu kwa sauti. Humu ukumbini ni wangapi wana presha tu? Wangapi wana sukari ya kurithi, "lakini inatulia nikiacha soda"? Nani moyo wake ulimsumbua mara moja mwaka ule, ukapoa, na daktari akasema tuendelee kuuangalia? Kwenye fomu ya bima yote hayo jibu lake ni Ndiyo.

Lakini ngojeni, maana kisa bado kina mkia. Baada ya ile barua nilikaa chini nikausoma mkataba wa shangazi mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Ndipo nikaona kwamba hata kama ningeandika Ndiyo, bima ile isingelipa. Kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, mstari wa kwanza kabisa: maradhi yoyote ambayo mkata bima alikuwa nayo kabla ya safari. Yalitajwa au hayakutajwa, hayalipwi. Kampuni ile ile ilikuwa na bima nyingine, ya daraja la juu kidogo, iliyokuwa inalipia dharura inayotokana na maradhi ya zamani mradi umeyataja. Tofauti ya bei ya hizo mbili haikufika hata bei ya sanduku jipya alilolinunua Kariakoo kwa ajili ya safari ile.

Kwa hiyo mnapotaka kuchagua, anzeni na ukurasa huo wa yasiyolipwa. Kurasa za mbele zina picha ya ndege na familia inacheka ufukweni, ruka. Tafuta panapoandikwa mambo ambayo kampuni haitayalipia, soma na miwani ukiwa umeivaa. Halafu andika swali lako, mahususi kabisa, kwa barua pepe. Usiulize kwa simu, maana sauti ya simu haina shahidi. Andika hivi: "Nina presha kwa miaka tisa, natumia dawa hii, kipimo hiki. Nikipata kiharusi au shida ya moyo nikiwa safarini, mtalipa? Mpaka kiasi gani?" Wakijibu ndiyo, chapisha jibu uliambatanishe na mkataba. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, nenda kwingine.

Uliza pia kuhusu kutulia kwa ugonjwa. Mikataba mingi inayokubali maradhi ya zamani inataka yawe yametulia kwa miezi kadhaa kabla ya safari: hujalazwa, hujabadilishiwa dawa. Sasa mtu anakata bima mwezi wa tatu, mwezi wa nne daktari anamwongezea dozi, mwezi wa tano anapanda ndege, na kampuni hajaiambia. Mwambie wakala wako siku ile ile. Ni ujumbe mmoja tu.

Umri nao una bei, na siwezi kuwapamba kwa hilo. Ukishavuka miaka 65 au 70 bei inapanda, na kampuni nyingine huko mbele zinapunguza kikomo au zinafunga mlango kabisa. Zungukeni. Utakuta kampuni tatu zimekataa na ya nne inakubali bila matata. Na kadi ya NHIF, mama zangu, mnayoendelea kuitumia baada ya kustaafu, ni ya hospitali za hapa nchini. Msiibebe mkitegemea.

Kuhusu kiasi cha kikomo, euro 30,000 ni sakafu ya sheria. Kwa kijana mzima anayekwenda wiki moja Lisbon pengine zinatosha. Kwa mzee anayekwenda miezi mitatu, mimi binafsi sikati chini ya mara mbili ya hapo. Marekani ni habari nyingine kabisa. Kule ubalozi haudai bima yoyote ili kukupa viza ya kutembelea, na ndiyo nchi ambayo siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi zinaweza kumeza nyumba. Angalia kwenye mkataba eneo lililoandikwa. Ukiona "dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada", na mwanao yuko Houston, umenunua karatasi.

Uingereza nako viza ya matembezi haidai bima, na watu wanajidanganya kwamba matibabu ya kule ni ya bure. Kitengo cha dharura hakitakutoza, ni kweli. Ukishalazwa wodini, mgeni kutoka nchi zetu anatozwa asilimia 150 ya bei ambayo serikali yao yenyewe imeiweka. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa hupelekwa kwa watu wa uhamiaji, na ukija kuomba viza tena utalikuta linakusubiri.

India nitaipitia haraka kwa sababu swali lake naulizwa kila wiki. Ukienda Chennai au Hyderabad kutibiwa, bima ya safari hailipi matibabu uliyoyafuata. Hailipi, hata ukiikata ya bei gani, kwa sababu ugonjwa huo si ajali ya safari, ndiyo safari yenyewe. Lakini yule mnayemsahau ni msindikizaji. Binti anayekulalia wodini wiki tano, anakula chakula asichokizoea, anavuka barabara za mji asioujua: huyo ndiye mkatieni.

Sasa nifike mahali ambapo watu hawapendi nifike. Kifo.

Kwetu mtu akifia ugenini swali la kwanza ni mwili utarudi lini. Anayejua gharama zake ni yule aliyewahi kushika daftari la michango: kuhifadhi maiti, jeneza linalokubaliwa na shirika la ndege, vibali vya kule na vya ubalozi, nafasi ya mizigo kwenye ndege, gari la kutoka uwanjani mpaka kijijini. Bima nzuri inabeba hayo. Tatizo ni kwamba katika mikataba mingine kusafirisha maiti kuna kikomo chake peke yake, kidogo kuliko kile kikubwa kilichoandikwa kwa wino mnene ukurasa wa kwanza. Kitafute. Na soma kama kampuni ndiyo inayoshughulika na kila kitu, au inataka nyie mlipe kwanza halafu mdai. Msiba hauna subira ya kudai.

Ndugu zangu Waislamu mnataka kuzika mapema, tena wengi mko radhi kuzika pale pale mtu alipofia. Ulizeni kama kampuni italipia maziko ya kule badala ya kusafirisha. Nyingine zinakubali, nyingine hazijui hata unauliza nini. Anayefia Makka kwenye hija anazikwa huko huko, na sijaona familia inayolalamikia hilo. Lakini mzee wa Kiislamu anayefia Birmingham, watoto wanaanza kubishana, nusu wanataka azikwe kule, nusu wanataka arudi Tanga, na bima imekaa kimya. Hayo yasemwe nyumbani kabla mtu hajafunga sanduku. Shangazi yangu sasa ameandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ya daftari la shule, na nakala ninayo.

Mizigo. Hapa sitakaa sana, ingawa najua ndiyo inayowauma. Shirika la ndege lenyewe, kabla ya bima, linawajibika kwa sanduku lako chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao sisi na majirani zetu wa Kenya tumo. Kikomo chake tangu mwisho wa 2024 ni kama dola elfu mbili hivi kwa abiria. Sanduku likivunjika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipokea. Usitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti kwenye dawati la mizigo, maana kampuni ya bima nayo itaiomba. Dhahabu na simu ziwe kwenye mkoba wako. Na ile nyama ya kukausha uliyoificha ndani ya vitenge, forodha wa Ulaya wakiichukua, hakuna bima duniani itakayokulipa.

Kuna wengine wenu safari zenu ni za gari, mnakwenda harusini Mombasa au Kampala. Ile Kadi ya Njano ya COMESA mnayoichukua ni ya madhara ambayo gari lako litawafanyia wengine barabarani. Haihusiani na malaria itakayokuangusha ukifika. Na wenye wakwe Wazungu: mkwe wenu akija na bima yake nzuri ya Ujerumani na akataka kwenda Zanzibar, mwambieni mapema kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje anatakiwa kukata ile ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, ya siku 92, hata kama ana nyingine. Msimwache aje kugombana na watu uwanjani mbele ya watoto.

Jambo lililobaki ni simu. Kila mkataba una namba ya msaada inayopokelewa usiku na mchana. Kampuni nyingi zinataka zipigiwe kabla ya kulazwa, au ndani ya saa chache baada ya kulazwa, ndipo ziihakikishie hospitali kwamba zitalipa. Shangazi mkataba wake ulikuwa kwenye barua pepe, na nywila ya barua pepe ilikuwa kichwani mwake, na kichwa ndicho kilichokuwa kimepatwa. Binti alihangaika siku mbili kabla ya kupata namba kwangu. Chapisheni nakala tatu: moja mkobani, moja kwa mwenyeji wenu, moja ibaki hapa kwa mtu anayepokea simu usiku.

Halafu hesabuni siku vizuri. Mtoto akichelewa kuzaliwa, bibi anaombwa aongeze wiki tatu, tiketi inabadilishwa, na bima inasahaulika. Ongezeni muda wake kabla haujaisha. Ikishakufa, kampuni nyingi haziifufui ukiwa tayari uko nje. Na mkinyimwa viza, bima msiitupe. Peleka barua ya kunyimwa kwa aliyekuuzia kabla tarehe ya kuanza haijafika. Mara nyingi fedha zinarudi, zikikatwa kidogo.

Mwaka jana shangazi alikwenda tena Hamburg, mjukuu wa pili. Safari hii fomu aliijaza mwenyewe, mezani, miwani puani. Kwenye swali lile akaandika Ndiyo, akaona nafasi haitoshi, akageuza karatasi akaorodhesha nyuma: presha, kiharusi cha mwaka ule, vidonge vitatu na saa anazovimeza, na goti la kushoto. Kampuni ya kwanza ikamkataa. Ya pili ikampa bei iliyomfanya aweke miwani chini. Ya tatu akabishana nayo kama anayenunua samaki Feri, akanitazama mimi na kamisheni yangu kwa jicho baya, mwishowe akalipa.

Naona chai imeingia. Mwenyekiti aliniambia wapo wenye safari mwezi ujao na mikataba yao wamekuja nayo. Sogeeni hapa mbele na vikombe vyenu, tufungue ule ukurasa wa yasiyolipwa. Mama pale nyuma, naona umeshaukunja wako na kuurudisha kwenye pochi. Utoe, mama, tuanze na huo.